Nyati Watano wa Mheshimiwa Jupili

Kampung Nosungkad,
14 Januari 1996

Mdogo wangu Jupili,

Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, maana nasikia viti vya Bunge la jimbo vina magurudumu, na wewe hujawahi kukalia kitu kinachotembea isipokuwa nyati. Sisi wote tuko salama. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana anagombana na majirani kama kawaida yake. Jenilin wangu ameanza darasa la kwanza na ameshapoteza penseli tatu. Shemeji yako yuko bado kambi ya mbao, atarudi sikukuu ya mavuno kama anaikumbuka njia.

Tangu uondoke, kijiji hakijatulia. Watu wanakuita Mheshimiwa hata wanapokusengenya. Mzee wa kijiji, Gampuyon, amelizungushia ua lile jiwe uliloliapia siku ya ushindi. Wewe pengine hukumbuki, kwa jinsi ulivyonyonya ule mtungi wa pombe ya tapai mpaka mrija ukalia, lakini sisi tunakumbuka. Ulipanda juu ya jiwe ukasema mbele ya watu wazima na watoto: "Nikikihama Chama cha Nanasi kabla muhula wangu wa miaka mitano haujaisha, mpunga wa Nosungkad uoze shambani." Nilikuvuta suruali, hukusikia. Ulimi huponza kichwa, lakini wako umeponza mpunga wa watu. Kwa nini hukuapia mpunga wako? Ah, nimesahau, huna.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni daraja. Mafuriko yalilibeba lile la kamba, na shule iko ng'ambo, gulio liko ng'ambo, duka la Mchina linalopokea hizi barua liko ng'ambo. Tunavuka kwa mashua ya mianzi iliyofungwa na nani? Na wajomba zako walevi. Mwalimu mpya anavuka amefumba macho, huku akiimba nyimbo za kanisani. Watu walikupa kura kwa sababu ya daraja, Jupili, si kwa sababu ya sura. Ahadi ni deni.

Kula vizuri na usijikwae mbele ya Gavana.

Dada yako,
Monih


Mji mkuu,
9 Februari 1996

Dada Monih, mzaliwa wa kwanza na mwenye mdomo wa kwanza,

Salamu zako zimefika zikiwa bado moto. Mwambie Mama nimepata chumba chenye feni mbili, moja inazunguka. Mpe Jenilin hizi penseli sita nilizozifungia humu; zina nembo ya Bunge, asizitafune.

Tumeapishwa, dada. Ungeniona. Sare nyeupe yenye vifungo vya dhahabu, kofia nyeusi ya mahameli, viatu vinavyojibu kila hatua. Sare niliazima kwa Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo la heshima, kwa hiyo mgongoni tuliibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Spika aliposema tusimame, kibanio kimoja kiliruka kikaanguka karibu kabisa na siwa. Askari wa Bunge alikiokota kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akaenda kukiweka mezani. Nadhani kimeingia kwenye kumbukumbu rasmi.

Kushoto kwangu anakaa Daktari Mailin, mwanamke mkali aliyetibu nusu ya wilaya yake ndipo akaiomba kura. Kulia kwangu ni Mheshimiwa Angkapin, mzee wa chama chetu, amelala tangu Bunge lifunguliwe. Huamka saa ya chai, anauliza kama kuna maandazi ya nazi, anakula mawili, anarudi alikotoka.

Jambo ambalo huko kijijini hamlijui ni hili: Nanasi tunatawala kwa kiti kimoja tu. Chama cha Taa wamebakiza kimoja watufikie na kutupindua. Ndiyo maana Waziri Kiongozi ananiuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri. Juzi nilipiga chafya, watu watano wakanishika. Na wale wa Taa nao wananipenda, wananisalimia mpaka msalani. Sikujua kama mimi ni mzuri kiasi hiki.

Hotuba yangu ya daraja iko tayari. Sijaitoa bado, ni mambo ya ratiba.

Ndugu yako mheshimiwa,
Jupili


Kampung Nosungkad,
3 Machi 1996

Mheshimiwa Kibanio,

Barua yako niliwasomea watu ukumbini. Mama alicheka mpaka tukampiga mgongo. Ameomba upige picha ukiwa na ile sare, lakini kwa mbele tu. Sote wazima. Jenilin ana mafua kidogo, halafu siku hizi halali vizuri na hataki shule. Ni mambo ya watoto. Penseli amezipenda.

Sasa niambie ukweli. Wiki iliyopita alikuja mtu wa Taa, amevaa miwani ya jua msituni, anamvuta nyati wa kulimia, jike, mnene, pembe safi. Alivuka mto kwa mashua, nyati akaogelea kando yake, na kati ya wale wawili nyati ndiye aliyeonekana mwenye akili zaidi. Akamwendea Gampuyon akauliza kwa sauti ya asali: "Mzee, mtu akivunja kiapo cha jiwe, ardhi inapozwa kwa sogit gani?" Gampuyon akavuta sigara yake ya majani mpaka ikamwisha. Akasema, kiapo kilichogusa mpunga wa kijiji kizima, sogit yake, faini ya kupoza ardhi, ni nyati. Yule mtu akasema, "Basi huyu hapa. Mfungeni, siku ikifika mumchinje, ardhi ipoe, na Mheshimiwa wenu awe huru."

Akamfunga nyumbani kwangu. Sasa anakula mboga zangu.

Nimeuliza swali moja nalirudia: wewe ndiye uliyemtuma? Redioni wanasema mvua za mwaka huu zimewatoa vyura wengi, wanaruka kutoka chama hadi chama. Baba yetu alizaa watu. Hakuzaa vyura. Nijibu.

Monih


Hotelini, mji mkuu,
20 Machi 1996

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo? Mafua ya Jenilin msugue kifua kwa mafuta yenye tangawizi. Usingizi utarudi.

Usishangae harufu ya sabuni kwenye karatasi hii. Imetoka hotelini ndani ya kapu la nguo chafu, kwa hisani ya dada mmoja mfuaji aitwaye Saripah. Ukinijibu, andika jina lake juu ya bahasha. Hadithi ni kwamba Taa wameomba kura ya kutokuwa na imani na serikali, na Waziri Kiongozi ametukusanya sote, wajumbe wa Nanasi, katika hoteli ya pwani mpaka kura ipigwe. Simu wameziondoa vyumbani. Milangoni kuna vijana wenye vifua. Tunaambiwa ni semina.

Semina yenyewe ni kula. Asubuhi tambi za kukaanga, mchana kamba wakubwa kama mkono wa Mama, jioni kuku wa namna nne. Waheshimiwa wanaimba kwenye ile mashine ya muziki wakitazama maneno kwenye televisheni. Mimi nimepewa mlinzi wangu peke yangu, analala mlangoni kwangu. Daktari Mailin ana wawili. Mzee Angkapin hana hata mmoja, amelala kwenye kiti cha kando ya bwawa, kofia usoni.

Pamoja na milango yote, Taa wanaingia. Kila asubuhi chini ya sahani yangu ya mayai nakuta mchoro uleule. Ni daraja la chuma, Monih. Nguzo nne, taa juu, watoto wawili wanarusha tiara pembeni. Chini pameandikwa "Nosungkad". Na Nanasi nao wanasema daraja lipo, ila mwaka wa fedha ujao, ukijaliwa.

Kuhusu nyati, mpe majani.

Jupili


Kampung Nosungkad,
8 Aprili 1996

Jupili,

Nimekuuliza swali umenijibu kamba. Haya. Mama hajambo, amekataa dawa lakini amekubali tapai. Shemeji yako ameleta habari kuwa kambi ya mbao inafungwa, atarudi mapema, njia kaikumbuka.

Nyati sasa ni watano. Usidhani nimekosea kuandika. Nanasi walisikia kwamba Taa wameleta nyati wa kukufungua, wakaleta wawili wa kukufunga. Wakasema, "Hawa ni wa kukiongezea kiapo nguvu." Gampuyon akafikiri akasema ni halali, mila inaruhusu. Taa wakasikia, wakaleta wawili wengine. Gampuyon akafikiri tena, ikawa halali tena. Siku hizi mzee anavaa koti la arusi kila asubuhi na kukaa kando ya mto, anatazama ng'ambo kama kuna wageni. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Huku kwetu safari hii nyasi zimenenepa. Shida ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuchinja hata kwato. Mpaka upige kura, hatujui nyati yupi ana kazi na yupi mgeni tu. Watu wanapita kwangu, wanawatazama mapaja, wanameza mate, wanakwenda zao.

Nimeandika haya yote ili nicheke kwanza, kwa sababu kuna jingine sikukuambia.

Mwezi wa pili mashua ilipinduka. Nilikuwa na Jenilin na kapu la maembe ya bambangan ya gulioni. Kapu niliachia, na mkono wake niliachia, sikupenda, maji ndiyo yaliyopenda. Nilimkuta chini kwenye kona ya mto amekumbatia mwanzi mmoja, midomo imekuwa bluu, ameshika na penseli. Ndiyo maana halali. Ndiyo maana hataki shule. Tangu siku ile sijamvusha, na mwalimu anasema atamfuta jina.

Mimi niliyekutania vyura ndiye ninayekuomba. Ruka, Jupili. Chukua daraja lao. Nyati wa kupoza ardhi tunao, wako watatu wa kazi hiyo, hakuna mpunga utakaooza. Watakaokucheka nitawajibu mimi, unanijua. Jina litasafishika. Mtoto nina huyo mmoja.

Damu ni nzito kuliko maji, lakini maji ya mto huu ni mazito sana.

Dada yako,
Monih


Mji mkuu,
19 Aprili 1996

Dada,

Sijui nianze na salamu gani. Nawasalimu wote. Mkumbatie Jenilin, kisha mkumbatie tena.

Barua yako ilinifikia asubuhi ya kura, ndani ya foronya. Niliisomea chooni kwa sababu ya yule mlinzi. Nililia mpaka akagonga kuuliza kama ni wale kamba.

Ulikuwa unauliza nani alimtuma mtu wa miwani. Si mimi. Lakini sikukana kwa sababu nilikuwa nimeanza kulipenda lile daraja. Nilikuwa naliweka chini ya mto wa kitanda. Siku mbili kabla ya kura nikakutana na Daktari Mailin kwenye ngazi, akanionyesha daraja lake, la wilaya yake. Nguzo nne, taa juu, watoto wawili na tiara. Tukamwita Mheshimiwa wa visiwani, naye akatoa lake mfukoni. Lilelile. Jina la mahali tu ndilo limebadilishwa, tena langu lilikuwa limeandikwa juu ya jina jingine lililofutwa kwa wino mweupe. Tulicheka, dada, tukashika kuta. Halafu hatukucheka.

Ningejua kwamba daraja lipo kweli, hata moja kati ya yale matatu, ningeruka mbele ya Spika, siwa na kamera zote. Wallahi ya kikwetu. Lakini karatasi haivushi mtoto. Kwa hiyo Spika alipoita wanaoiunga mkono serikali wasimame, nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa wako na haukutaka. Niliuvuta kwa mkono.

Sasa sikia yaliyotokea. Tulihesabiana kwa macho, tukaona sote tumesimama, Waziri Kiongozi akaanza kutabasamu. Kisha ikaja zamu ya wanaoipinga. Hapo Mheshimiwa Angkapin akafungua macho, akakunja kofia yake, akainuka, akavuka sakafu polepole hadi upande wa Taa, na njiani akanigonga bega akasema, "Niamsheni saa ya chai." Hakuna aliyekuwa amemhesabu pale mwanzo. Walidhani amesimama moyoni. Ndiye naibu waziri wa barabara na madaraja sasa.

Kwa hiyo serikali imeanguka na mimi ni mpinzani. Sikuruka, na daraja sina. Nyati wote watano walifungwa kwenye nyumba isiyokuwa yao; yao ilikuwa ya Angkapin.

Nisamehe, Monih.

Jupili


Mji mkuu,
25 Mei 1996

Dada Monih,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Najua Mchina hajapoteza zile mbili. Naandika kukuambia nimeitoa hotuba. Lile neno "ratiba" lilikuwa uongo. Tangu Januari kila Spika akiniita ulimi ulikuwa unanikauka. Safari hii sikusoma. Niliinuka nikasema, "Mpwa wangu anaitwa Jenilin, ana miaka saba, na alizolewa na mto kwa sababu ya watu tuliomo humu ndani." Nikawaeleza na habari ya mwanzi. Mzee Angkapin alikuwa macho. Akajibu kwamba fungu halipo.

Sikukuu ya mavuno sitakuja. Sina uso wa kuja nao.

Jupili


Kampung Nosungkad,
11 Agosti 1996

Jupili,

Mama mzima. Shemeji yako mzima, amenenepa. Jenilin mzima. Nyati wazima.

Nilikukasirikia. Nataka ujue hivyo kabla sijakuambia kingine. Barua zako nilizisoma zote, nikazitia juu ya dari, nikasema aoze yeye na chama chake. Wiki nyingine nilikuwa napita karibu na lile jiwe nikilipiga teke, na vidole vyangu viwili mpaka leo si sawa.

Baada ya kura, watu wa Nanasi walikuja kudai nyati wao, kwa kuwa umebaki na serikali imeanguka hata hivyo. Kesho yake wakaja Taa, wakasema wewe hukuruka, sogit haikutumika, warudishiwe. Gampuyon akavaa koti lake la arusi akawakalisha wote pamoja kwenye mkeka mmoja. Akasema, "Mnyama aliyeletwa kupoza ardhi akivuka mto kurudi, anaondoka na ubaridi wote, na joto anawaachia wenyeji. Mnaotaka kuwachukua, chukueni, ila kwanza niandikieni majina yenu na ya watoto wenu, ili mvua isiponyesha tujue pa kuja." Walikunywa chai wakaondoka. Yule wa miwani alisahau miwani.

Tukawa na nyati watano na hatuna wa kumpoza. Watu wakasema sasa tuchinje. Visu vilikuwa vimeshanolewa. Mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga, Jupili, mdomo ulifunguka wenyewe, labda ni ugonjwa wa ukoo. Nikasema atakayemgusa nyati hata mkia atanichinja mimi kwanza. Nikasema kambi ya mbao imefungwa, nyaya zao za chuma zimelala msituni zinaota kutu, mume wangu anajua zilipo, na hapa tuna wavutaji watano wanene waliokula mboga zangu tangu mwezi wa tatu.

Tulianza baada ya mavuno. Nyati waliburuta nyaya, wakaburuta na magogo ya mti wa chuma yaliyobaki kambini. Wajomba zako walikaa siku nyingi bila tapai, jambo ambalo Mama hakuwahi kuliona. Mwalimu alikuja kila Jumamosi kupiga misumari, akiimba. Daraja limesimama. Linayumba kidogo, halina taa, hakuna aliyekuja na tiara. Naibu waziri ameleta barua kwamba angependa kulizindua. Gampuyon amemjibu kwamba limelala, aliamshe saa ya chai.

Jumatatu Jenilin alisimama mwanzo wa ubao wa kwanza. Sikumsukuma. Alishika kamba kwa mikono yote miwili akaenda, na mimi nyuma yake sikumgusa, nilikuwa nimeuma kitambaa. Katikati aligeuka akaniuliza kwa nini natembea taratibu hivi, atachelewa. Ametoka shuleni akiwa na nyota moja ya kusoma.

Sasa kesi yako. Nimekushtaki kwa Gampuyon. Dada mkubwa alikuomba akiwa na machozi, ukamkatalia. Kwamba ulikuwa na sababu, baraza limesikia. Kwamba sababu yenyewe ilikuwa nzuri, baraza limesikia hilo pia, mimi mwenyewe ndiye niliyelisema. Lakini kati yangu na wewe pana joto, na joto la ndugu halipoi kwa barua. Umehukumiwa nguruwe mmoja, dume, asiwe mdogo. Hutamtuma mtu, hutamleta kwa gari la Bunge. Utambeba begani mwenyewe, kwa miguu, uvuke naye daraja, nami nitakuwa upande wa huku nakusubiri.

Tutamla pamoja siku hiyohiyo. Ukishameza tonge la kwanza yamekwisha, sitalitaja tena mpaka nife. Mila hairuhusu nilitaje.

Njoo upesi. Nimechoka kukukasirikia.

Dada yako,
Monih